Upande wa Pili wa Santuri: Mabaraza ya Pwani ya Kusini na Uziwi wa Wahakiki

Katika mabaraza ya kahawa yaliyotapakaa kutoka Ukunda hadi Msambweni, na kuendelea kusini hata Vanga, kuna mabishano ambayo hayaishi. Mmoja huleta kanda aliyoihifadhi tangu ujana wake, au siku hizi huitoa simu mfukoni, akawasikilizisha wenzake Atomic Jazz ya Tanga. Wa pili husikiliza kwa adabu mpaka ubeti wa kwanza ukamalizika, kisha huuliza kama huyo mpiga solo alikuwa akilipiga gitaa au akilikuna. Yeye ana Les Wanyika. Wa tatu, ambaye aghalabu amepata kufanya kazi katika hoteli za Diani, huwacheka wote wawili, kwa kuwa kwake muziki usio na saksafoni ni kahawa isiyo tangawizi, na hapo humtaja Mzee Ngala na bango lake. Vikombe hupoa. Hakuna anayeshinda, wala hakuna anayekiri kushindwa, na kesho yake mjadala huanzia pale ulipoachwa.

Msomi wa fasihi apitapo hapo hutabasamu. Akiombwa kauli yake atajibu kwamba kila mtu na ladha yake, kisha atakwenda zake darasani kufundisha ushairi. Makala haya yanalishughulikia tabasamu hilo. Linaonekana kuwa la upole, nalo ni la dharau, kwa sababu linachukulia kwamba wale wazee na vijana wanaolumbana wanapitisha wakati tu, na kwamba uhakiki ni kazi inayofanyika mahali pengine, kwa istilahi nyingine, na watu wengine. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume cha hayo. Mabishano ya barazani ni uhakiki kamili. Zaidi ya hayo, katika jambo moja la msingi yako mbele ya uhakiki wa madarasani: shabiki huhakiki wimbo kama ulivyorekodiwa, ilhali msomi huhakiki karatasi iliyonakiliwa maneno yake.

Kabla ya kufika huko, inabidi kumjibu mpinzani mwingine, ambaye idadi yake ni ndogo lakini sauti yake ni kubwa. Huyu ni msomi mwenye kabati la santuri za Marekani. Anawajua Charlie Parker na John Coltrane kwa kina cha kuheshimika, naye hukereka kila asikiapo kwamba Western Jazz au Morogoro Jazz ni bendi za jazi. Hoja yake ni kwamba bendi hizo hazikupata kupiga jazi hata siku moja. Zilipiga rumba na chacha. Midundo yake ilitoka katika santuri za Kyuba, hasa zile za mfululizo wa GV zilizoanza kusambazwa barani Afrika mwaka 1933. Na neno “jazz” katika majina yake ni kosa la enzi za ukoloni ambalo halina budi kusahihishwa. Kwa hiyo, anamalizia, watu wa Msambweni wanabishana juu ya kitu wasichokijua.

Kuhusu rumba, amesema kweli. Kuhusu kosa, hakusema kitu. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na kuanzia hapo neno hilo lilijenga maana yake katika Kiswahili bila kumwomba mtu ruhusa: kundi la vijana wa mjini wenye magitaa, tarumbeta na ngoma za kizungu, wanaopiga dansi, na ambao kwa jina hilo hujitenga na beni kwa upande mmoja na taarabu kwa upande wa pili. Maana hiyo ilieleweka kutoka Tabora hadi Tanga. Neno likishahamia katika lugha huwa mwenyeji. “Shairi” lenyewe lina asili ya Kiarabu, lakini hajatokea mhakiki mwenye akili timamu aliyedai kwamba Muyaka bin Haji hakutunga mashairi kwa sababu hakuzifuata bahari za Kiarabu. Kama Muyaka anaruhusiwa kulichukua neno na kulijaza maudhui ya Mombasa, kuna sheria gani inayomzuia kijana wa Tanga asilichukue neno lingine na kulijaza gitaa?

Mpinzani huyu angefaidika pia na kulitazama kabati lake mwenyewe. Mwaka 1960 Randy Weston alirekodi kazi aliyoiita *Uhuru Afrika*, yenye maneno ya Langston Hughes. Miaka kumi baadaye Herbie Hancock alijipa jina la Mwandishi, akaitoa albamu yenye jina hilo mwaka 1971, na wenzake katika bendi wakajiita Mchezaji, Mganga, Jabali, hata Pepo Mtoto. Jina hilo la mwisho lingeweza kumtia kigugumizi mwalimu yeyote wa sarufi. Hata hivyo hakuna Mswahili aliyeandika kulalamika kwamba wanamuziki wale hawakijui Kiswahili na hivyo wavuliwe majina. Ilieleweka kuwa walikuwa wakilitafuta jambo fulani katika lugha hii, na kwamba walilipata kwa namna yao. Ukarimu huo haukurudishwa. Mmarekani akiazima neno la Kiswahili huitwa mbunifu, na mtu wa Tanga akiazima neno la Kimarekani huambiwa amekosea.

Isitoshe, nyumba ya jazi huko kwao haijapata kuwa na amani. Katika miaka ya 1940 wapenzi wa mtindo wa New Orleans walikataa katakata kwamba muziki wa Parker na Dizzy Gillespie ulikuwa jazi. Ornette Coleman alipoingia New York mwaka 1959 aliwagawanya wasikilizaji na wanamuziki wenzake, na Miles Davis alipochukua vyombo vya umeme mwishoni mwa muongo uliofuata waliompenda jana walimlilia kama marehemu. Mabishano juu ya nini ni jazi na nini si jazi ndiyo historia yenyewe ya jazi. Wanaobishana Msambweni, basi, wamo ndani ya mapokeo hayo kuliko anayewakataza.

Msomaji aliyeufuata mgogoro wa ushairi wa Kiswahili atakuwa ameshaitambua sura ya hoja hii. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, waliokasirika hawakusema kwamba tungo zake ni mbaya. Walisema kwamba si mashairi. Huo ndio ujanja wa kale wa mlinda mlango: kulifanya swali la ubora kuwa swali la jina, ili asilazimike kusoma. Mulokozi na Kahigi walilijibu katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* mwaka 1979, na leo hakuna idara inayoona haya kufundisha shairi huru. Inashangaza kwamba wasomi walewale walioshinda vita vile kwa upande wa maandishi hulala usingizi vita hivyohivyo vikipiganwa upande wa gitaa.

Sasa inafaa kuuliza kwa nini mabishano haya yamekita mizizi katika pwani ya kusini hasa, wala si Mombasa peke yake. Sababu ya kwanza ni jiografia. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, na mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro uliwakuta ndugu na ukawaacha ndugu. Tanga ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na bendi zake kubwa, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz miongoni mwao, na mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam hayakuwa na pasipoti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983, watu walizuiwa lakini redio haikuzuilika. Kwa mtu wa Vanga, kuipenda Atomic Jazz hakukuwa kupenda muziki wa kigeni. Kulikuwa kupenda muziki wa kwa shangazi.

Sababu ya pili ni kwamba muziki huohuo ulimfikia kwa njia nyingine, kutoka kaskazini. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika jijini Nairobi, palipokuwa na studio na viwanda vya santuri. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuanzisha Les Wanyika. Hivyo mtu wa Ukunda aliweza kuisikia Tanga mara mbili: Tanga iliyobaki nyumbani na Tanga iliyokwenda Nairobi. Swali la ipi kati ya hizo mbili ndiyo Tanga ya kweli ni zito. Ndani yake mna swali zima la mwandishi aliyehama, ambalo wasomi hulishughulikia kwa kurasa nyingi pale anapohusika mtunzi wa riwaya.

Sababu ya tatu ni hoteli. Kuanzia miaka ya 1970 ufuo wa Diani ulijaa hoteli za kitalii, na hoteli zilihitaji bendi. Humo ndimo yalimokua makundi yaliyojifunza kumwimbia mgeni maneno anayoweza kuyakariri kabla ya ndege yake kuondoka. “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kilele cha sanaa hiyo, na ni kosa kuibeza: kutunga wimbo ambao mtu asiyejua Kiswahili huuimba akiwa nyumbani kwake Ulaya ni kazi ngumu. Lakini hoteli ilizalisha pia ladha ya kuamrishwa, ambayo kigezo chake ni kutomsumbua anayekula. Mwanamuziki aliyeruhusiwa kupiga solo ya dakika mbili tu kwa sababu wageni wanataka kuongea anajua kuhusu udhibiti wa sanaa mambo ambayo hayamo katika vitabu vya nadharia.

Bango lilichipuka kando ya hayo yote. Joseph Ngala, mpiga saksafoni wa Freretown, ule mtaa wa Kisauni ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, aliikutanisha jazi aliyoisikia katika santuri na midundo ya Wamijikenda pamoja na lahani za taarabu, na jina la bango likaenea pwani nzima, katika harusi za Kwale sawasawa na za Kilifi. Wanaolipenda husema kwamba saksafoni haikuwa ngeni masikioni mwao, kwa kuwa walikwisha kuizoea sauti ya zumari katika sengenya. Kauli hii ni ya kihistoria na ya kiumbuji kwa pamoja. Inaweza kukubaliwa au kukanushwa kwa ushahidi, na mtahini yeyote angefurahi kuikuta katika tasnifu. Inasemwa bila malipo chini ya mwembe.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi uhakiki huu unavyofanya kazi. Wimbo wa Les Wanyika, “Sina Makosa”, unajulikana na kila mtu Afrika Mashariki. Msemaji wake anamkabili mume mwenye hasira na kumsihi asimdhuru kwa jambo ambalo hakulitenda. Ukiuchukua wimbo huu na kuuandika ubaoni, kama ifanyikavyo pale unapobahatika kuingizwa darasani, utapata beti chache zenye urudiaji mwingi, dhamira ya wivu, na funzo kwamba wivu haufai. Wanafunzi wataandika: fani, maudhui, ujumbe. Kengele italia.

Barazani hakuna anayepoteza muda kwa funzo. Swali linaloulizwa ni moja: je, mtu huyu anasema kweli? Wako wanaoshikilia kuwa hana hatia, na ushahidi wao ni utulivu wa muziki. Besi ya Tom Malanga inaingia bila pupa, gitaa la ridhimu la Omar Shabani linatembea kama mtu anayejua aendako, na sauti haipandi hata pale maneno yanapotaja kifo. Mwenye dhamiri safi, wanasema, huzungumza hivyo. Kundi la pili linauchukua ushahidi uleule na kuugeuza. Mtu anayehofia roho yake hawezi kuwa baridi kiasi hicho isipokuwa amejiandaa, na aliyejiandaa kwa shtaka alikuwa akilitarajia. Kisha huja wale wa tatu, ambao hawayajali maneno wala mwendo wa sauti. Wao husubiri waimbaji wanyamaze. Katika ile sehemu ndefu ambapo magitaa yanabaki peke yake, hudai, solo na ridhimu yanajibizana kama watu wawili waliokwisha kuzoeana, na hapo ndipo siri ilipo: wimbo uliokana kwa mdomo umekiri kwa nyuzi.

Mtu anaweza kukataa tafsiri zote tatu. Lakini hawezi kukana kwamba zinashughulikia msimulizi asiyeaminika, kejeli ya kimuundo, na uhusiano wa kauli na kimya, tena kwa ushahidi unaoweza kurejelewa papo hapo kwa kurudisha kanda nyuma. Na katika tafsiri ya tatu kuna somo la moja kwa moja kwa wasomi. Katika santuri za Nairobi za miaka ya 1970, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ilikuwa desturi kuugawanya wimbo mmoja pande mbili: upande wa kwanza ukiwa na maneno mengi, wa pili ukiachiwa magitaa yachezeshe watu. Mhakiki anayenakili maneno ameisikiliza nusu ya kazi. Nusu ya pili ameirudisha ndani ya jalada lake, na juu ya msingi huo anatoa hukumu kwamba nyimbo za dansi ni nyepesi. Ni sawa na kuhukumu tamthilia kwa kusoma orodha ya wahusika.

Hata istilahi wanazo. Tangu miaka ya 1960 kila bendi kubwa ya Tanzania ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Western Jazz walikuwa na saboso, NUTA Jazz msondo, Atomic Jazz kiweke. Jina la mtindo lilibeba mambo mengi kwa pamoja, mwendo wa mdundo, mpangilio wa magitaa, namna ya kuingiza sauti, hata namna ya kucheza. Shabiki aliyesema kwamba wimbo fulani “umetoka nje ya msondo” alikuwa akitoa hukumu ya kiufundi. Linganisha na neno hilohilo “mtindo” katika miongozo ya fasihi, ambako mara nyingi humaanisha kwamba mwandishi ametumia nafsi ya kwanza, barua mbili na methali.

Pengine itajibiwa kwamba haya ni mambo ya idara ya muziki. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama lingetolewa na wanafasihi wa lugha nyingine. Kaluta Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi* ya mwaka 1954, alifundisha kwamba shairi ni wimbo na kwamba lisiloimbika halina maana. Kauli hiyo ilitumiwa kwa miaka mingi kama rungu dhidi ya ushairi huru. Walioibeba rungu hiyo, hata hivyo, hawakupata kujishughulisha na uimbaji wenyewe. Walihesabu mizani kwa vidole. Waliofuata, hata wale walioipinga kanuni ya Abedi, walirithi ukimya wake juu ya sauti.

Mfano wa Mombasa ni wa kusikitisha zaidi kwa kuwa uko karibu. *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir, iliyotoka mwaka 1971, ni diwani ya lazima katika silabasi nyingi, na ni haki yake. Mtunzi huyohuyo aliandika tungo nyingi zilizoimbwa na binamu yake, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Bhalo alizivika lahani zenye asili ya filamu za Kihindi, na kwa ajili hiyo wapenzi wa taarabu waligawanyika kwa miongo kadhaa: wako waliomwona kuwa fundi asiye na mfano, na wako waliomwekea mbele Zein l’Abdin wa Lamu na udi wake, wakisema kwamba shairi la Kiswahili linapumua vizuri zaidi katika lahani za Kiarabu. Suala lililokuwa mezani lilikuwa hili: lahani ikitoka kwingine, je, mizani ya shairi inabaki ileile? Hakuna suala la arudhi lililo zito kuliko hilo, na diwani iliyochapwa haiwezi kulijibu. Shaaban Robert, ambaye jina lake hutajwa katika kila hotuba ya ufunguzi, aliandika wasifu wa mwimbaji, Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928. Hakuona kuwa amejishusha.

Ama ile kauli kwamba kila mtu na ladha yake, inafaa kutazamwa imewahi kumfaa nani. Mabaraza hayaiamini, yangeiamini yangenyamaza. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde jijini Dar es Salaam hawakuiamini tangu Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, na waimbaji kama Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walipohama kutoka upande mmoja kwenda wa pili na kurudi, walilaumiwa na kupokewa kwa hoja, si kwa mabega kupandishwa. Mapokeo yote ya kujibizana kwa Kiswahili, kuanzia malumbano ya malenga hadi mashindano ya beni, yamejengwa juu ya imani kwamba ubora unaweza kudaiwa hadharani na kutetewa. Anayeifurahia kauli hiyo ni yule mwenye mamlaka ya kuamua bila kujieleza. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa ipige kwa sehemu kubwa muziki wa Kenya, agizo ambalo halikudumu. Kama suala la ladha lisingefungiwa ofisini, mtu yeyote wa Kwale angeuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kwanza: Watanzania wanaoimba Kiswahili katika studio ya Nairobi na kununuliwa Mombasa ni muziki wa nani?

Haya yote hayamaanishi kwamba baraza halina dosari. Lina ubabe wa umri. Mzee akisema kwamba baada ya Mbaraka Mwinshehe kufa kwa ajali ya gari Kisauni, tarehe 12 Januari 1979, muziki nao ulizikwa, vijana hutakiwa kukubali kama kwamba ni hadithi ya Mtume. Huo si uhakiki; ni matanga. Dosari kubwa zaidi ni kwamba baraza ni la wanaume. Wanawake wa pwani ya kusini wana mahakama yao, nayo ni harusini, ambapo mwimbaji hutunzwa mbele ya macho ya wote kwa ubeti uliogonga na kuachwa mikono mitupu kwa ubeti uliokosa shabaha. Noti moja iliyoinuliwa wakati wa beti ya Zuhura Swaleh, na kuelekezwa upande alikokaa hasimu, ilikuwa tafsiri ya shairi, tena tafsiri yenye mwelekezwa. Mtafiti atakayezilinganisha mahakama hizi mbili atakuwa ameifanyia nadharia ya upokezi wa fasihi kazi ambayo tafsiri za vitabu vya Kijerumani hazijaifanya.

Wakati idara zikisubiri, wengine wamekwisha kuchagua. John Storm Roberts alitoa Marekani mikusanyo ya *The Nairobi Sound* mwaka 1982 na *The Tanzania Sound* mwaka 1987. Nchini Ufaransa, mfululizo wa *Zanzibara* chini ya uhariri wa Werner Graebner umekusanya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975, na juzuu nyingine ukaitenga kwa dansi ya Tanzania ya miaka ya 1960. Ni kazi njema, iliyofanywa kwa bidii na mapenzi, na bila yake rekodi nyingi zingeliwa na chumvi ya bahari na mchwa. Lakini kuchagua nyimbo ishirini kati ya mamia ni kuunda ukanoni, na ukanoni wa fasihi hii ya sauti umeundwa na masikio yaliyokuja kujifunza ukubwani. Mikusanyo hiyo ikipigwa barazani Msambweni, wasikilizaji hushukuru kwanza. Kisha mmoja huuliza kwa nini wameuchukua wimbo huu wa Atomic na kuuacha ule, mwingine humjibu, na kwa muda wa saa nzima kigezo cha uteuzi huchambuliwa kwa ukali ambao mhariri wa Paris angelipa nauli kuusikia. Hakuna anayeandika.